Sitara ya Mwosha

Hakuwa akitoa mkono. Ukimwamkia, aliweka kiganja cha kulia kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akaitikia marahaba ya kushiba, na kile kiganja hakikubanduka kifuani mpaka umepita. Mgeni angedhani ni maringo. Sisi tuliokaa naye Doornfontein, Johannesburg, tulijua kwamba anatuokoa. Alikuwa mwosha maiti wetu, na wengi wetu, mimi nikiwa wa mbele, hatukupenda kushikwa na mkono uliotoka kushika maiti, hata ukisuguliwa kwa sabuni na ndimu. Yeye alilijua hilo kabla hatujalionyesha, akatupunguzia kazi ya kuona haya.

Tulimwita Mwosha, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika. Mchana alikuwa fundi wa viti vya taxi, zile daladala za huku. Karakana yake ilitazamana na kibanda changu cha kutengeneza simu, barabara tu katikati. Madereva wa Kizulu walimwegeshea magari mlangoni, wakamwita Mkhulu, yaani babu, naye aling'oa viti, akabadili sponji, akavisha plastiki mpya na kuvirudisha kabla watu hawajaanza kujipanga jioni kule stendi ya mjini. Kwa hiyo alinukia vitu viwili, gundi na kafuri. Gundi ikizidi, ulijua wiki imekuwa njema. Kafuri ikizidi, uliuliza ni nani.

Nataka kumweleza jinsi alivyo, na najua nitaona haya mara nyingi kabla sijamaliza. Wacha nianze na yale mepesi.

Kwa maiti alikuwa kaburi, kwa walio hai alikuwa wembe. Imamu akiharakisha kisomo, Mwosha alimngoja mlangoni na kumwuliza kama leo alikuwa na basi la kuwahi. Mimi alinikuta najisifu kwa jirani kwamba nimefufua simu iliyotumbukia chooni. Akasema, "Wewe na mimi kazi yetu moja, ila wa kwako wanarudi na malalamiko." Kuna mpishi wa Kimanga aliyehama Hillbrow kabisa, na watu walisema ni kwa sababu ya jambo ambalo Mwosha alisema kuhusu sambusa zake. Siku moja nilimwambia kwamba anawaonea watu. Alikuwa na sindano kubwa ya kushonea viti mdomoni, akaitoa kwanza.

"Aliye hai atanijibu, mwanangu," akasema. "Maiti hajibu. Ndiyo maana simsemi."

Harusini hatukumwalika. Hakuna aliyelipanga hilo, lakini mwenye harusi alipokuwa anahesabu wageni vidole vilimruka. Watu waliogopa kwamba mwosha akikanyaga zulia la bibi harusi ataleta mkosi. Na kila walipooana wawili, kesho yake kigoda kilifika mlangoni kwao, kimejazwa sponji na kuvishwa plastiki nyekundu ya viti vya taxi, kimeshonwa kwa uzi wa mkono. Katika nyumba za Waswahili kuanzia Doornfontein mpaka Hillbrow hukosi kukikuta kigoda kile. Cha kwangu ninakikalia sasa hivi. Harusi yangu mimi pia hakualikwa.

Hakubagua wa kumzika. Mama Furaha, msusi wa Kikongo kutoka Lubumbashi ambaye saluni yake iko juu ya kibanda changu, alifiwa na kaka yake kwa kisu. Maiti ilikuwa mochari ya serikali na ilitakiwa kutambuliwa. Ndugu zao, wengine hawana makaratasi, wakaogopa kukutana na polisi, kila mmoja akapata udhuru. Mwosha aliposikia alivua aproni ya gundi, akafuatana na Mama Furaha. Yule kaka alikuwa Mkristo, Mwosha hakuwa na fungu lolote pale. Alipofunuliwa shuka, Mwosha alisimama kati ya mama yule na kidonda, akamwambia, "Tazama uso tu, mama. Uso ndio wako." Kisha akavua kofia yake, akaiweka palipokuwa pabaya.

Mama Furaha akiisimulia hadithi hii huwa anaacha kusuka. "Bandugu yangu bote balikimbia," anasema. "Ni ule muzee tu alikuya na miye. Na hata haiko ndugu."

Sasa niseme sheria yake, kwa maana kila kitu kilitoka hapo. Sote tulifundishwa utotoni kwamba anayeosha maiti akayafunika aliyoyaona, Mungu naye atamfunikia yake. Wengine tulilisikia likapita. Mwosha aliliishi. Ni desturi wafiwa wamngoje mwosha mlangoni wamwulize marehemu alikuwaje, na yeye kila mara alitoa jibu moja: "Alikuwa na nuru." Mlevi alikuwa na nuru, mwizi alikuwa na nuru. Nilimchokoza, "Mzee, hata yule aliyegongwa pale kwenye robot ya kuongozea magari akiwa chakari?"

"Taa ya chumba cha kuoshea ni kali," akasema.

Nilicheka sana. Nilicheka kwa sababu sikufikiria hiyo taa imeficha wangapi.

Miaka ile vijana wetu walikuwa wanamiminika Sauzi kutoka Dar, Tanga na Unguja kutafuta maisha, na baadhi yao waliambiwa kuna njia fupi. Walipewa pasipoti na tiketi, wakameza kete za unga, wakatumwa ng'ambo. Wapo ambao hawakufika hata uwanja wa ndege. Kete ilipasuka tumboni, kijana akafia chumbani, na mochari ilipomaliza naye aliletwa kwa Mwosha. Mwosha aliona alichokiona. Mama mtu akipiga kutoka nyumbani kuuliza mwanangu kafa na nini, Mwosha alipewa simu, mara nyingi ikiwa yangu, akasema kwa upole mkubwa, "Moyo, dada yangu. Moyo ulisimama." Nasi tukashika hapo hapo. Ukituamini sisi, vijana wa Kiswahili wa Johannesburg waliugua moyo kuliko vikongwe wa dunia nzima.

Sanda na gharama za kusafirisha alitoa Tajiri. Huyo alikuwa mwenzetu mwenye maduka ya jumla mjini, ya mablanketi na masufuria, na ndiye aliyelitandika zulia la msikiti na kukodi mabasi ya kwenda makaburini. Kwamba baadhi ya vijana wale aliwatuma yeye, lilijulikana kama inavyojulikana bei ya mkate. Hakuna aliyelisema. Maulidi yakifika tulikwenda kwake, tukala pilau yake. Mimi niliomba niongezewe, na niliongezewa.

Mwosha alikuwa na mtoto mmoja huku, Hamidu, aliyefanya kazi dukani kwa Tajiri. Alikuwa na ulimi wa baba yake na meno meupe ya kuusindikiza. Halafu ghafla hayupo. "Yuko masomoni," Mwosha alituambia. "Marekani." Kwa kweli alikuwa amekamatwa uwanja wa ndege wa huko, kete tumboni na nyingine sandukuni, na mahakama ya shirikisho, ile inayohukumu kwa sheria za nchi nzima, ikampa miaka kumi. Habari ilifika kwetu kabla Mwosha mwenyewe hajamaliza kuvaa viatu vya kutokea. Lakini sisi ni watu wa adabu. Kila Ijumaa tulimwuliza, "Mzee, Hamidu masomo vipi?" Naye aliweka kiganja kifuani, akasema, "Anaendelea." Tuliona tunamsitiri. Nikikumbuka sasa natamani ardhi inimeze.

Mwishoni mwa mwaka 2015 zilienea habari kwenye simu zetu kwamba Marekani inawapunguzia vifungo watu wa unga, hata wale waliohukumiwa zamani, na wa kwanza wameshaanza kutoka. Siku hiyo Mwosha alivuka barabara na mkasi wake mkononi, akasahau kuuweka chini.

"Nasikia kule wanapunguza muda wa masomo," akasema.

"Nimesikia, Mzee."

"Basi nipigie kwa mwalimu wake."

Mwalimu wake alikuwa wakili aliyepewa na mahakama, mwanamke mwenye sauti ya subira. Huku ilikuwa alasiri, huko kwao asubuhi. Niliweka simu juu ya meza, yeye akisema Kiingereza na mimi nikitafsiri, na Mwosha amekaa kwenye kigoda nilichonacho hapa, mgongo umenyooka.

Wakili alieleza polepole. Majaji wa kule wana jedwali la kukadiria vifungo vya dawa za kulevya kwa uzito wa mzigo. Jedwali lilikuwa limeshushwa, na waliofungwa chini ya lile la zamani waliruhusiwa kuomba wakatiwe upya. Lakini anayestahili ni yule ambaye kifungo chake kilitoka kwenye jedwali. Cha Hamidu hakikutoka huko. Mzigo wake ulivuka kipimo ambacho sheria ya bunge imekiwekea miaka kumi isiyopungua, na jaji alimpa hiyo hiyo kumi, ya chini kabisa. Jedwali lishuke lisishuke, yeye halimgusi.

Nilitafsiri. Mwosha alikibonyeza kigoda alichokalia.

"Kwa hiyo wamepunguza sponji," akasema, "fremu ya chuma iko palepale."

"Ndivyo, Mzee."

"Mwulize, hakukuwa na namna ya kupita chini ya fremu?"

Nilimwuliza. Wakili akasema kwamba namna ilikuwepo. Mtu ambaye ni kosa lake la kwanza, hakubeba silaha, hakumdhuru mtu, wala hakuwa mkubwa wa kazi ile, jaji anaweza kumpitisha chini ya hiyo kumi, kwa sharti la mwisho: kabla ya hukumu awaambie waendesha mashtaka kweli yote anayoijua juu ya mzigo ule. Ulitoka kwa nani, nani alimtuma. Hamidu alitimiza yote isipokuwa hilo la mwisho. Angelitimiza, kifungo chake kingetoka kwenye jedwali, na leo angestahili kupunguziwa kama wenzake. "Nilimsihi," alisema wakili. "Akaniambia baba yake amemkataza."

Nilikaa nimeshika kingo za meza. Mwosha alinitazama. Kusoma nyuso zisizosema ilikuwa kazi yake.

"Usinioshe," akasema. "Nipe kama ulivyosikia."

Nikampa kama nilivyosikia. Aliinamia mkasi wake, akaufungua na kuufunga. Baadaye sana, wakili akiwa amekwisha kuaga, ndipo aliponiambia kwamba alipopata simu ya kwanza ya Hamidu baada ya kukamatwa alimwambia, umejiaibisha wewe, usiaibishe nyumba za watu, funga mdomo. "Nilidhani namfunika," akasema. "Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyofunikwa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa amezaa, na bado anaficha.

Wakili alituachia mlango mmoja, mwembamba. Hata sasa Hamidu akisema anachokijua, waendesha mashtaka wanaweza kumwomba jaji ampunguzie. Si haki yake, ni hiari yao, na lazima maneno yake yawe na kazi: mtu aliye hai, anayeweza kufuatwa. Hamidu hangesema bila ruhusa ya baba. Na baba hakuitoa. Aliendelea kusimama safu moja na Tajiri msikitini, bega kwa bega, na mimi nyuma yao nikiyatazama mabega yale badala ya kusali.

Nilimkasirikia, siwezi kusema nilimsikitikia tu. Siku moja nilimfuata karakana nikamwambia waziwazi, "Mzee, yule ni mtoto wako."

"Na yule mwingine ana watoto," akajibu. Watoto wa Tajiri walizaliwa huku, wanasoma huku, Kiswahili wanakisikia ila hawakisemi. Wakipita karakana walimpungia, "Sawubona, Mkhulu," naye alikuwa na peremende kwa ajili yao ndani ya kopo la misumari. "Nikilitaja jina la baba yao, hawa watakaa wapi na nyuso zao?"

"Na Hamidu uso wake atauweka wapi?"

Akaweka kiganja kifuani. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kukuaga wakati ungali umesimama.

Ulipofika mwisho wa 2018 simu zetu zilichemka tena. Marekani wametunga sheria mpya, kubwa, watu wanarudi majumbani. Mwosha alivuka barabara, safari hii kabla hata robot haijaruhusu, taxi ikampigia honi. Tukampigia yule wakili. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ya kwanza. Sheria ilikuwa mpya kweli, alisema, lakini sehemu inayorudi nyuma kuwagusa waliokwisha hukumiwa ni ya wale wa kokeini ya mawe. Heroini haimo. Na ule mlango wa kupita chini ya miaka kumi umepanuliwa, ila kwa watakaohukumiwa kuanzia sasa. Kwa Hamidu kulikuwa na siku chache tu za tabia njema.

"Wamewapanulia wanaokuja," alisema Mwosha.

"Eish, Mzee. Pole."

Hamidu naye kule ndani alikuwa amezisikia habari, na alikuwa amezitumainia kuliko sisi. Alipiga mwenyewe baada ya siku kadhaa, kwenye simu yangu kama kawaida. Mashine ilitangulia kusema kwamba simu inatoka gereza la shirikisho, kisha ikaja sauti yake, nzito, imekua. Walisalimiana. Halafu Hamidu akasema neno ambalo naamini alikuwa amelala nalo muda mrefu.

"Baba, wewe ndiye uliyewaosha wale vijana. Ulijua wamekufa na nini."

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nasikia moyo, moyo. Tajiri aliponiita nikasema moyo wangu mimi mzima. Ningejua ni kete ningekataa, baba. Wallahi ningekataa."

Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu ila siku ile. Mwosha aliondoa kiganja kifuani, akakishusha gotini, kikakaa pale kimeachama. Mle kibandani kulikuwa na mteja anangoja kioo cha simu, nikamwomba atoke.

"Sikiliza," Mwosha akasema. "Neno nililokufunga nalo, nakufungua. Mwambie wakili wako kila kitu. Sema aliyekutuma."

"Baba, simu hizi zinasikilizwa."

"Ndiyo maana sinong'oni."

Hamidu akasema. Wakili akatwambia ameanza kuzungumza na waendesha mashtaka, tungoje, mambo haya hayaendi haraka. Tukangoja. Mwosha alishona viti, mimi nilibadili vioo, na tulipokutana macho barabara ikiwa katikati yetu tulitikisa vichwa kwamba bado. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaacha kusimama karibu na Tajiri msikitini. Tajiri mwenyewe alikuwa anakuja akiongozwa, maana sukari ilikuwa imemla mguu. Nami nilianza kuomba dua ambayo haya yake sitaisahau: nilimwombea Tajiri uzima, ili Hamidu apunguziwe.

Akafa. Alifia nyumbani, asubuhi ya Ijumaa, kabla ya jibu lolote. Mkubwa wa watoto wake alikuja karakana mwenyewe, macho mekundu, akasema kwa Kiingereza baba yetu amefariki, tafadhali Mkhulu. Mwosha alikuwa amepiga goti juu ya kiti cha dereva. Alimaliza tundu alilokuwa analishona, akakata uzi. Kisha akavuka kwangu.

"Wakili alisema aliye hai, si ndiyo?"

"Alisema hivyo, Mzee."

"Haya. Njoo unimwagie maji. Msaidizi wangu yuko safarini."

Sikuwa nimewahi kuingia chumba kile nyuma ya msikiti. Taa yake ni kali kweli, hakutania. Nilitegemea kuona kitu, sijui nini, mkono mzito, uso uliogeuka. Mwosha alimfunika Tajiri kitovuni mpaka magotini, akamvua nguo chini ya kitambaa bila kuziacha zifunuke, akafunga kitambaa kingine mkononi mwake. Alianza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Aliyajaribu maji ya mkunazi kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga.

"Ongeza ya moto," akaniambia. "Baridi hii itamwumiza."

Nilimwaga, machozi yakinitoka, na si kwa ajili ya Tajiri. Alimpitishia maji kwenye ule mguu uliooza, polepole, katikati ya vidole. Alimtia kafuri. Alipomaliza kumvika sanda alimwomba radhi kama amemkaza mahali, ndivyo alivyofanya kwa wote. Mlangoni yule kijana alikuwa anangoja. "How was he?" akauliza, hata hiyo desturi aliijua kwa lugha nyingine.

"Alikuwa na nuru," Mwosha akasema.

Jeneza likatolewa uani baada ya swala ya Ijumaa, watu wamejaa mpaka barabarani. Imamu alituuliza, kama kawaida, tunamshuhudiaje marehemu. Tukajibu kwa sauti moja kwamba ni mtu mwema. Kisha kaka wa marehemu akasimama akasema lile linalosemwa kila msibani: kama yupo anayemdai ndugu yetu, ajitokeze, deni lake liko juu yetu.

"Mimi namdai," akasema Mwosha.

Alikuwa safu ya mbele, na hakugeuka. Kaka mtu akamwambia kwa heshima kwamba Mzee aende nyumbani baadaye, atalipwa chochote.

"Si fedha. Namdai miaka kumi ya mwanangu Hamidu. Hayuko masomoni. Amefungwa kwa mzigo wa huyu bwana, na ninyi nyote mnajua." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuitikia marahaba. "Hilo langu nimemsamehe, asiende nalo. Lakini wale vijana niliowaambia mama zao moyo, haukuwa moyo. Zilikuwa kete. Mimi niliziona. Hao si wangu kuwasamehea, na wananidai hata mimi."

Imamu alingoja, kisha akanyanyua mikono akapiga takbiri, kwa sababu maiti haisubirishwi. Tuliambiwa tangu utoto tusiache mwanya safuni. Siku ile palikuwa na mwanya kushoto kwa Mwosha na mwanya kulia kwake, na swala ikaisha hivyo hivyo, watu wazima tumesimama tunauona.

Hatukumpelekea maiti tena. Walisema ameivunja amana, na ni kweli aliivunja, yeye mwenyewe asingebisha. Chama kimoja cha mazishi cha mjini kilichukua kazi ile, watu wazuri, wana gari na jokofu. Kuna mama mmoja wa Tanga, mmoja wa wale walioambiwa moyo, aliyenipigia akanitukana kwa saa nzima kana kwamba ni mimi niliyemdanganya, kisha akaniambia nimfikishie Mwosha salamu. Mama Furaha aliendelea kumshushia sahani ya fufu na samaki. Sisi wengine tuliendelea kuketi juu ya vigoda vyake.

Ilikuwa mwaka 2019 ukielekea mwisho nilipovuka barabara mimi, maana yeye alikuwa ameacha kuvuka. Nilimkuta karakana anavisha benchi la nyuma la taxi. Hakukuwa na harufu ya kafuri hata chembe. Nilimpa habari nilizokuwa nazo: wakili amethibitisha kwamba jina la marehemu halina kazi, zile siku za tabia njema zimehesabiwa, Hamidu ana miaka bado. Alizipokea akishona.

"Siku yangu ikifika," akasema, "hao wenye jokofu usiwaite. Utaniosha wewe."

"Mzee, mimi sijui kuosha."

"Maji ya vuguvugu, anza upande wa kulia. Uliona." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ila mimi usinifunike. Hamidu akitoka akikuuliza baba alikuwaje, usimwambie habari za nuru. Mwambie nilivyokuwa."

Nikasema nitamwambia. Ndilo ninalolijaribu hapa, kabla hajauliza.

Niliposimama kuaga nilingoja kiganja kiende kifuani. Hakikwenda. Alikifuta kwenye aproni, akaninyooshea. Nilikitazama, na najua alinihesabia muda niliokitazama. Kisha nikakishika. Kilikuwa cha moto. Miaka yote ile nilidhani kingekuwa baridi.